Dhahabu Jalalani, Sumu Kifuani



Juma lililopita tulipata hasara hapa parokiani. Usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, watu wasiojulikana waliukata na kuondoka na waya wa shaba ulioshuka kutoka mnarani hadi ardhini, ule unaolikinga kanisa letu dhidi ya radi. Tumebaki na mnara mrefu usio na kinga, na masika yako mlangoni. Katika kikao cha Halmashauri ya Walei kilichofuata hasira ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema: "Baba Paroko, dawa ni moja tu. Hawa vijana wa vyuma chakavu wapigwe marufuku kukanyaga eneo la kanisa, na serikali iwafagie mtaani kote." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sisi hatukupiga makofi. Tuliomba tupewe juma moja la kutafakari, na maandishi haya ndiyo jibu letu. Tunajua hayatampendeza kila mmoja.

Tuanze kwa kukubali lililo kweli. Kuiba ni dhambi, na amri inayokataza wizi haimsamehi mtu kwa kuwa kilichoibwa ni chuma na si fedha. Aliyeukata waya ule amehatarisha maisha ya watoto wa mafundisho wanaokusanyika chini ya mnara ule kila Jumamosi. Wala kanisa si peke yake. Vifuniko vya mitaro, alama za barabarani, nyaya za umeme, vyote vimeng'olewa vikapelekwa mizanini. Mnamo Januari 2022 nchi jirani ya Kenya ilikumbwa na giza la nchi nzima baada ya nguzo za njia kuu ya umeme kuanguka, uharibifu wa makusudi ukashukiwa, na serikali ikasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Miezi michache baadaye marufuku ile iliondolewa. Viwanda vya nondo vilikuwa bado vinahitaji chuma, na waokotaji walikuwa bado wanahitaji ugali.

Basi tuulize swali ambalo halikuulizwa ukumbini: Waya wetu sasa uko wapi? Hakuna kijana anayekula shaba. Aliyeiba ameuza, aliponunuliwa palikuwa na mizani, mwenye mizani ameuza kwa mwenye yadi kubwa zaidi, na mwenye yadi amepakia lori. Waya mnene wa mita nyingi, safi, uliokatwa jana yake, ulitua juu ya mizani ya mtu mzima mwenye akili timamu, naye hakuuliza umetoka wapi. Mizani isiyouliza ndiyo mama wa wizi. Lakini katika kikao kile hatukusikia hata mmoja akitaka wenye mizani wafagiliwe mtaani. Kwa nini? Tuseme ukweli, hata kama unauma: kwa sababu baadhi ya wenye mizani ni wanaparokia wenzetu, wanatoa zaka vizuri, na mmoja wao alikuwa ukumbini akipiga makofi pamoja na wengine. Hatutamtaja. Tunamsubiri kwanza aje mwenyewe, kabla ya Dominika ijayo.

Ndugu wapendwa, chuki yetu kwa vijana hawa inatokana na kutoelewa wanachokifanya. Tunawaita waokota takataka. Wataalamu wa dunia wana jina jingine kwa kazi hiyohiyo: wanaiita uchimbaji madini wa mjini. Mwaka 1969 mwandishi Jane Jacobs, katika kitabu chake kuhusu uchumi wa miji, alikwisha kuona kwamba miji itakuja kuwa migodi ya malighafi. Katika miaka ya 1980 Profesa Hideo Nanjyo wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, aliyapa mawazo hayo jina la mgodi wa mjini: shaba, dhahabu, fedha na madini mengine yaliyokwisha kuchimbwa, yakasafishwa, na sasa yamelala ndani ya kuta zetu, magari yetu na vyombo vyetu vilivyokufa.

Hayo si maneno matupu. Katika migodi mikubwa ya dhahabu, tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache tu. Tani moja ya simu za mkononi zilizokufa hutoa mamia ya gramu. Kuyeyusha alumini ya sufuria kuukuu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuipata alumini ileile kutoka katika udongo wake wa asili. Kati ya Aprili 2017 na Machi 2019 Wajapani waliombwa watoe vifaa vyao vya zamani kwa ajili ya medali za Olimpiki ya Tokyo. Walikusanya tani 78,985 za vifaa vidogo vya umeme, na simu milioni 6.21. Humo zilipatikana kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba nyeusi, zikatosha medali zote zipatazo 5,000. Mwanariadha aliyesimama jukwaani mwaka 2021 alivaa simu ya bibi yake, kwa namna ya kusema.

Nasi huku hatukungoja maprofesa. Nenda Gerezani hapa Dar es Salaam, au Kamukunji kule Nairobi, ukasikilize nyundo. Majiko, masanduku, karai na ndoo hutoka katika mabati na mapipa yaliyokwisha kutupwa. Mafundi hao ni wachimbaji wa mjini tangu zamani, bila semina wala cheti. Ajabu ni kwamba tunanunua majiko yao na tunawadharau wanaowaletea mabati.

Hata hivyo, tusije tukaanguka katika kosa la upande wa pili, nalo linapendwa sana siku hizi katika mikutano ya hotelini: kusema kwamba kwa kuwa kazi hii inaokoa mazingira, basi ni njema, na iachwe iendelee ilivyo. La hasha! Mgodi ni mgodi, uwe Geita au uwe nyuma ya nyumba yako, na kila mgodi una swali lake: Anayechimba anapumua nini?

Tazameni yaliyotokea Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini pale Mombasa. Kiwanda kilijengwa ubavuni mwa nyumba zao ili kuyeyusha betri chakavu za magari na kupata madini ya risasi. Kwa maneno ya kitaalamu ulikuwa ni uchimbaji madini wa mjini usio na dosari: zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, nayo huweza kurejeshwa tena na tena. Lakini moshi uliingia vyumbani na maji machafu yakaingia mitaroni. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi katika kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na risasi katika damu. Risasi haina kiwango kisicho na madhara kwa mtoto; hudhoofisha ubongo unaokua. Mama yule alipaza sauti, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabuni wenyewe: miaka 10 na zaidi tangu moto ule uzimwe, mtoto aliyekuwa akinyonya amekwisha kuwa kijana, na wakubwa walikuwa bado wanabishana nani alipe.

Wala hilo si la Mombasa peke yake. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na dampo la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kuzidi kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Kule Agbogbloshie, jijini Accra, ambako nyaya zilichomwa kwa miaka mingi ili kupata shaba, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionesha kwamba mtu mzima akila yai moja tu la kuku wa hapo anapita mara 220 kipimo cha dioksini kinachokubaliwa Ulaya kwa siku. Yai, wapendwa! Chakula tunachompa mgonjwa ili apate nguvu.

Na serikali ya Ghana ilifanya nini? Julai 2021 yadi ile ya vyuma chakavu ilibomolewa. Hiyo ndiyo dawa ya mzee wetu: kufagia. Matokeo yake kazi ilitawanyika katika mitaa ya jirani, na moshi ukawafuata watu waliokuwa hawajaujua. Ufagio haukuchukua hata kilo moja ya sumu; uliibadilisha anwani tu.

Tunao hapa parokiani kijana wa miaka 16, aliyebatizwa katika Mkesha wa Pasaka uliopita. Husukuma guta kutoka alfajiri. Baada ya Misa ya kwanza alitusalimu, "Shikamoo, Padre," nasi kabla hatujamaliza kuitikia marahaba akashikwa na kikohozi kirefu. Tulimwuliza kwa nini anachoma nyaya ilhali anajua moshi ule unamdhuru. Akajibu kwa upole: "Padre, kumenya waya kwa kisu ni kutwa nzima. Kuchoma ni nusu saa. Na mwenye mizani ananunua kwa bei ileile." Hapo tulielewa zaidi kuliko tulivyoelewa katika vitabu. Kijana huyu si mjinga wala si mkaidi. Amepiga hesabu aliyopewa na wakubwa zake. Sisi ndio tuliopanga bei, na katika bei hiyo mapafu yake tumeyahesabu sifuri.

Sasa tugeuze kidole kituelekee sisi wenyewe, kwani padre anayehubiri bila kujihubiri ni debe tupu. Miaka kadhaa iliyopita marafiki wa ng'ambo walitutumia kompyuta 40 kwa ajili ya shule yetu. Tuliimba, tulipiga picha, tuliandika barua ya shukrani. Zilizowaka zilikuwa 11. Nyingine 29 zimelala katika stoo nyuma ya sakristia mpaka leo, kwa sababu tuliona haya kusema kwamba tumeletewa jalala likiwa limefungwa utepe wa zawadi. Kunyamaza kwetu kulikuwa kosa. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 uliandikwa na Waafrika wenyewe ili bara letu lisiwe shimo la taka zenye sumu za wengine. Chini ya Mkataba wa Basel, tangu 1 Januari 2025, taka za kielektroniki za kila aina haziruhusiwi kuvuka mipaka bila nchi inayopokea kuarifiwa kwanza na kuridhia. Lakini sheria zote hizo hupitwa kirahisi na kibandiko kimoja kinachosema "vifaa vilivyotumika", hasa pale anayepokea anapoogopa kumwudhi anayetoa. Kuanzia sasa parokia hii haitapokea kifaa chochote cha umeme kabla hakijajaribiwa kikawaka. Anayependa kutusaidia ataelewa. Asiyeelewa hakuwa anatusaidia.

Na nyinyi je? Ni nyumba gani kati ya zetu isiyo na simu iliyokufa ndani ya kabati, chaja zilizokatika, redio ya marehemu babu? Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Katika Afrika haifiki hata asilimia 1. Tunaishi juu ya mgodi huku tunalia umaskini.

Wakati huohuo, ndugu zetu wa Kolwezi, wanaosali Baba Yetu kwa Kiswahili kama sisi, wanaingia katika mashimo kutafuta kobalti ya betri za simu mpya. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na watoto wamekutwa wakiifanya kazi hiyo. Hatudanganyi kwamba simu za kabatini mwetu zitayafunga mashimo hayo. Mahitaji ya dunia yanakua kwa kasi kuliko kabati zetu. Lakini kila gramu tunayoiacha ioze ni gramu ambayo mtu mwingine atatumwa kuifuata chini ya ardhi. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliukemea utamaduni wa kutupa, akionesha kwamba anayezoea kutupa vitu huishia kuwatupa watu. Na alipofika Kinshasa mwaka 2023 aliiambia dunia kwamba Afrika si mgodi wa kunyonywa. Tulimshangilia. Je, tulidhani aliwasema Wazungu peke yao?

Kwa hiyo, hili ndilo jibu letu kwa Halmashauri ya Walei.

Hatutawapiga marufuku vijana wa vyuma chakavu kuingia katika eneo la kanisa. Badala yake, tunawataka wanaparokia wote wenye mizani waandike katika daftari jina la kila anayewauzia, namba ya kitambulisho chake, na mahali mali ilipotoka. Asiyeweza kufanya hivyo asitafute nafasi ya uongozi katika kanisa hili, na zaka yake tutaipokea kwa mashaka.

Pili, tunawataka wenye mizani haohao waache kuinunua shaba iliyochomwa kwa bei ya shaba iliyomenywa. Shaba iliyomenywa ni safi na huuzika vizuri zaidi kiwandani. Faida hiyo ishuke mpaka kwa mwenye kisu. Siku bei zitakapotofautiana, moshi utapungua bila polisi hata mmoja.

Tatu, betri ya gari isipasuliwe wala tindikali yake isimwagwe mtaroni na mtu yeyote. Irudishwe nzima, na tindikali yake ndani, kwa mnunuzi mwenye kibali cha serikali.

Nne, kompyuta zetu 29 hatutaziuza kwa anayetoa bei ya juu. Tutazikabidhi kwa wakusanyaji waliosajiliwa wa taka za kielektroniki, hata kama watatulipa kidogo au wasitulipe kabisa, na vijana wetu watazipakia kwa ujira. Dominika ijayo, nanyi leteni simu na vifaa vyenu vilivyokufa viungane nazo. Zenye betri iliyovimba ziwekeni kando, msizitoboe wala msiziweke juani.

Tunasikia tayari mtu akinung'unika: "Je, hayo ni ya Injili au ni ya halmashauri ya jiji?" Tunamwomba akumbuke siku ile ya mikate mitano na samaki wawili. Baada ya maelfu kushiba, Bwana hakuwaruhusu mitume waondoke. Aliwaamuru wakusanye vipande vilivyobaki, pasipotee kitu, na vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuumba mkate bila unga alijali makombo. Tena tuangalie aliwatuma akina nani: mitume wake mwenyewe waliinama nyasini kuokota mabaki. Kazi ya kuokota ilifanywa na Kanisa la kwanza, kwa mikono yake. Hatuoni ni kwa haki gani sisi, warithi wao, tunamwona mwokotaji kuwa uchafu unaopaswa kufagiliwa.

Mzee wetu mpendwa, uliyesema kwa uchungu wa nyumba ya Mungu, tunakuheshimu na hatujakasirika. Njoo Jumamosi saa tatu asubuhi. Tutafungua stoo, na yule kijana wa guta atakuwepo. Tumemwomba aje na kisu cha kumenyea, na daktari wa zahanati yetu ameahidi kumpima kifua kabla kazi haijaanza. Gharama ya waya mpya wa mnara tutaichangia sote. Sisi tumeanza kwa kutoa posho yetu ya mwezi huu. Mpaka utakapowekwa, mafundisho ya watoto yatafanyika ukumbini, na mawingu yakitanda makatekista wasimruhusu mtoto yeyote kukaa chini ya mnara.

Tunawatakieni nyote Dominika njema na yenye baraka. Mwombeeni kijana wetu, waombeeni wenye mizani, na mtuombee sisi.

Paroko wenu.